Jiko Zito la Takoma Park

Kavata alinipigia simu nikiwa kwenye duka la kufulia nguo, katika mji ambao nilikuwa nimeufikia juzi tu na ambao sikukaa sana. Mashine zilikuwa zinanguruma, nikatoka nje ili nimsikie. "Wekesa," akasema, "Baba amepumzika. Asubuhi, nyumbani Machakos. Alikuwa amemaliza chai yake." Halafu akasema jambo ambalo sikulitarajia: "Wanangu wananiuliza babu yao alikuwa mtu wa namna gani. Kila nikianza kuwaeleza naanzia siku ile ya mbuzi, kisha nagundua kwamba mimi nilikuwa ndani. Sikuona kitu. Wewe ndiye uliyekuwa naye uani." Nilirudi ndani nikakaa mbele ya nguo zangu zinazozunguka, na hofu ya mwaka ule ikanirudia kama vile haikuwahi kuondoka, hofu ya kusimama nje mchana kweupe huku mgongo ukiwa wazi.

Sitaeleza nilivyofika Marekani wala niliwaacha akina nani. Inatosha kusema kwamba shule niliiacha mapema, si kwa ukosefu wa akili bali kwa sababu sikuweza kukaa kwenye dawati huku nje kuna mambo ambayo sijayaona, na ugonjwa huo haujanitoka hadi leo. Mwaka ule nilikuwa kijana, nabeba samani za watu wanaohama nyumba, na nililala katika chumba cha chini cha nyumba moja ya zamani huko Takoma Park, jimbo la Maryland. Chumba kilikuwa na mabomba yanayopita darini, tanuri la kupasha nyumba joto likikohoa kwenye kona, na pazia la maua lililonitenga na kitanda cha Papa Déo, Mkongo wa Bukavu aliyefanya usafi katika ofisi za mjini na aliyepika sombe kila Jumapili mpaka mablanketi yetu yakanuka majani ya muhogo. Juu yetu walikaa Musyoka na Kavata, Wakamba wote wawili, yeye Kavata akiwa mlezi wa wazee majumbani mwao, Musyoka akiwa dereva wa basi la kituo cha wagonjwa. Tundu la kupitishia hewa ya moto lilianzia jikoni kwao na kuishia juu ya mto wangu, kwa hiyo kila walichosema wakiosha vyombo nilikisikia kana kwamba nimekaa nao mezani. Sikuwa nasikiliza kwa ubaya. Nilikuwa nimelala tu, na maneno yalikuja yenyewe.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, mtu fulani akaanza kuwapiga watu risasi. Leo ukisimulia hivyo vijana wanakutazama wakidhani unakuza mambo, lakini ndivyo ilivyokuwa: risasi moja, kutoka mbali, kutoka pasipojulikana, na mtu aliyekuwa akijaza petroli au akiweka mboga kwenye buti ya gari anaanguka. Hakuchagua rangi wala umri. Leo Maryland, kesho Virginia, halafu tena karibu na kwetu. Kwenye televisheni walisema tafuteni gari jeupe la mizigo, na ghafla tukagundua kwamba nusu ya magari ya eneo lile ni meupe na ni ya mizigo. Watu wakaacha kutembea wima. Walivuka maegesho ya maduka wakienda upande upande, wakijikunja, wakisimama nyuma ya nguzo kisha kukimbia. Walichuchumaa kando ya magari yao wakati mafuta yanaingia. Watoto hawakutolewa nje ya madarasa. Papa Déo alikuwa akirudi kazini asubuhi, anafunga mlango kwa makomeo yote, anakaa kitandani bila kuvua viatu. "Miye nilitoka Bukavu juu ya risasi," aliniambia. "Nilivuka ziwa, nikavuka bahari. Sasa iko inanifuata mu parking ya duka. Ile risasi nayo ilipata visa wapi?" Tulicheka, halafu tukaacha kucheka kwa pamoja, kama watu waliosikia hatua mlangoni.

Katika hali hiyo ndipo alipofika Mzee Nzioka, baba yake Kavata. Safari yake ilikuwa imepangwa zamani, kabla ya bunduki. Musyoka na Kavata walikuwa wameishi pamoja muda mrefu bila Musyoka kutoa ntheo, yaani mbuzi wale ambao Mkamba asipowapeleka kwa wazazi wa msichana, hata wakizaa watoto kumi, huyo msichana si mke wa mtu. Walikubaliana kwamba mbuzi wengine ndugu zake Musyoka watawafikisha Machakos, na mmoja ataliwa hapa hapa, mzee akiwepo, kabla hajapanda ndege kurudi. Mzee alikuwa ametoa sharti moja kwa simu na akalirudia uwanja wa ndege kabla hata hajasalimia vizuri: mbuzi wa binti yake asipikwe kwenye sanduku la jikoni kama mkate. Achomwe nje, na wanaume.

Usiku wa kwanza wa mzee nilikuwa safarini na samani za watu, lakini kesho yake mchana tundu la hewa lilinipa habari zote. "Tumwambie," alisema Musyoka. "Anatoka kutembea kila asubuhi, babe. Anasalimia watu kule kwenye miti." Sauti ya Kavata ilikuwa ndogo: "Ana presha. Na zaidi ya presha, unajua alivyonikataza kuja. Alisema Amerika ni nchi ya bunduki. Akijua, hatakula mbuzi wa mtu. Atanikunja pamoja na nguo zake kwenye sanduku." Musyoka akauliza, "Na akipigwa je?" Maji yakaendelea kutiririka kwenye sinki muda mrefu. Hapo chini, mimi na Papa Déo tukatazamana kupitia pazia lililokuwa wazi, na bila yeyote kutuomba tukawa tumeingia katika ule uongo. Jioni ile Papa Déo alipanda akachomoa waya wa televisheni, akamwambia mzee kwamba imekufa, pole sana, fundi wake yuko likizo.

Nimewahi kujiuliza kama watu wa kabila lingine la dunia wangefanya vile. Mmarekani angemwambia baba yake siku ya kwanza, pengine kwenye gari. Sisi tulilelewa kwamba mkubwa hapelekewi habari ya kumtisha mpaka iwe imekwisha, na kwa heshima hiyo tukamwacha mzee wa watu akitembea peke yake, wima, mikono nyuma, katika mji ambao kila mtu mwingine alikuwa anatambaa. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa makoti matatu na kofia ya sufu, na alipenda kusimama mahali penye uwazi ili aone vizuri. Siku moja tulimpeleka kununua mafuta. Akamwona mama mmoja amechuchumaa nyuma ya tairi. "Yule anatafuta nini chini ya gari?" Musyoka, ambaye naye alikuwa amechuchumaa, akajibu, "Ni mazoezi, Mzee. Madaktari wa huku hawapendi mtu asimame sana." Mzee akatafakari. "Kila nchi na mambo yake," akasema, kisha kwa adabu ya mgeni akashuka chini polepole, magoti yakilia, akachuchumaa karibu na pampu na kumwinulia yule mama kofia yake. Yule mama, aliyekuwa na uso wa majivu, akacheka mpaka akajifuta macho. Nami nikawaza: angalau kwa dakika hizi yuko salama.

Hofu yetu yote ikajikusanya mahali pamoja: siku ya mbuzi. Kumchoma kwenye makaa kama tulivyozoea kunataka mtu asimame juu ya nyama kuanzia mwanzo hadi mwisho, akigeuza, akipuliza, akipunguza. Na mahali palipo na nyama ya makaa mzee wa Kikamba atakuwepo. Ua wa nyumba ile ulikuwa mdogo, na nyuma yake, baada ya uzio mfupi wa waya, ulianza msitu mwembamba unaoteremka hadi kwenye kijito. Ukisimama uani ungeweza kuonekana kutoka kwenye mti wowote kati ya ile yote. Mimi ndiye niliyetoa wazo la smoka, jiko la kupikia nyama kwa moshi. Nilikuwa nimewahi kuosha masufuria kwenye mkahawa wa nyama ya moshi huko kusini, na kwa udadisi wangu nilikuwa nimemsumbua mpishi kwa maswali hadi akanifukuza kutoka kwenye ua wake mara mbili. Jiko la aina ile ni pipa refu la chuma lililolazwa, humo ndimo nyama inamokaa. Ubavuni, chini kidogo, limeungwa sanduku la moto. Moto hauwi chini ya nyama kabisa. Unachoma gogo ndani ya sanduku, joto na moshi vinapita juu ya nyama, vinatokea kwenye bomba upande wa pili, na milango yote imefungwa. Hakuna kugeuza wala kupuliza. Unaenda, unaongeza gogo, unafunga, unarudi ndani. "Kwa hiyo hakuna wa kukaa nje?" aliuliza Kavata. Nikamwambia inategemea jiko. Likiwa bovu, utakuwa mtumwa wake. Likiwa limejengwa vizuri, linakusahau. "Basi tafuta linalotusahau," akasema.

Wanaonunua majiko haya huuliza juu ya ladha. Mimi nilipima ubora kwa kitu kimoja tu, mara ambazo mtu angelazimika kutoka nje. Tulianza kwenye duka moja kubwa, mimi na Musyoka, ambapo majiko yalikuwa yamepangwa na kufungwa kwa mnyororo mbele ya maegesho. Tulijificha katikati yake. Musyoka alipenda la kwanza aliloliona: jeusi, linang'aa, lina magurudumu na kipimajoto chenye mshale mwekundu. Akakiinua kifuniko kwa kidole kimoja. "Ona vile ni nyepesi, msee!" Nikabonyeza ubavu wa jiko, ukaingia ndani na kurudi, kama debe la mafuta ya kupikia. Nikawasha tochi, nikaiweka ndani, nikafunga kifuniko na kulifunika jiko zima kwa koti langu, nikaingiza kichwa. Mwanga ulikuwa unatoka kila mahali, kwenye ukingo wa kifuniko, kwenye kiungo cha sanduku la moto, hata kwenye misumari. Panapotoka mwanga hutoka joto, na bati jembamba halishiki lolote. Upepo ukivuma linapoa, jua likitoka linawaka, na mwokaji ni mbio za kwenda na kurudi kutwa nzima. Nikamweleza hayo nikiwa bado chini ya koti. "Buda," sauti ya Musyoka ikaja kutoka nyuma ya majiko, "darasa baadaye. Nimeacha mgongo nje."

Lile tulilolichukua tulilipata Springfield, kule Virginia, kwa mzee mmoja mweusi wa kusini aliyekuwa fundi wa mabomba kabla ya kustaafu, ambaye alitengeneza majiko kwa vipande vya mabomba ya zamani. Hakutoka kutulaki. Aliinua mlango wa gereji hadi usawa wa magoti, tukaingia kwa kutambaa, akaushusha nyuma yetu. Gizani tulisikia anapumua. "Samahani," akasema, "mke wangu ameniapisha." Niliweka kiganja juu ya jiko lake kabla taa haijawaka na nikajua. Nililigonga. Halikulia kama kengele, lilinyamaza, jinsi mlango wa benki unavyonyamaza. Chuma kilikuwa kinene kuliko ukingo wa sarafu tatu zilizobebana, kisichopinda hata ukikaa juu yake. Nilipitisha kidole kwenye maungio yote na kulehemu kwake kulikuwa mstari mmoja usiokatika, hasa pale sanduku la moto linaposhikana na pipa, ambapo majiko mengi huvuja. Mlango wa sanduku ulikuwa na bawaba nene na ulikaa kwenye fremu yake bapa kabisa. Bomba la moshi lilianzia chini, usawa wa wavu wa nyama, si juu kabisa, ili joto lisikimbie kabla ya kugusa nyama. Upande mmoja kulikuwa na tundu la kutolea mafuta. Tukazima taa, tochi ikaingia ndani, milango ikafungwa. Tulisimama watu watatu katika giza tukilitazama jiko, tukingoja mwanga. Haukutoka hata uzi. Musyoka akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa matokeo ya hospitali.

Bado nilitaka kuliona likiwaka, na hilo halifanyiki gerejini, kwani moshi wa ndani unaua bila kelele. Tukalisukuma hadi kwenye mlango wa nyuma, kati ya ukuta na ua wa mbao, na yule mzee akaomba sala fupi kabla ya kufungua. Gogo likashika. Mwanzoni moshi mweupe mzito, kisha ukawa mwembamba, wa rangi ya samawati, karibu usionekane. Nilinyunyiza matone ya maji upande wa karibu na moto na upande wa mbali, yakachemka karibu sawa. Tuliingia ndani tukafunga mlango, na gogo lile moja lilidumu wakati yule fundi akitusimulia ujana wake, ndoa yake na upasuaji wake wa goti. Nilipochungulia, mshale wa kipimajoto ulikuwa palepale. Musyoka alimpigia Kavata. Kavata hakuuliza bei, hakuuliza ukubwa. Nilimsikia kwenye simu akisema, "Litamweka Baba ndani?" Musyoka akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa. Usafiri ukawa shida nyingine, kwa kuwa gari la kanisa tulilotegemea kuazima lilikuwa jeupe. Papa Déo aligoma waziwazi: "Gari nyeupe? Miye sipandi. Hata kama iko ya Yesu." Mwishowe fundi mwenyewe alilivuta kwa tela la gari lake jekundu, na tulipopita kwenye makutano makubwa ya barabara pale Springfield, sikuwa na macho ya kutazama mbele. Nilikuwa nahesabu magari meupe.

Jumamosi ya mbuzi ilifika na jua, jambo lililonikera, maana nilikuwa nimeomba mvua. Niliwasha moto asubuhi kwa magogo ya mwaloni, nikampanga mbuzi, mabega, mapaja na mbavu, kwa chumvi tu, nikafunga. Kisha nikakimbia ndani. Sebule ilikuwa imejaa wanaume wa kanisa waliovaa suti, wamekaa mbali na madirisha, kila mmoja akisema nje kuna baridi. Kutoka jikoni kuliingia harufu ya pilau na ya chapati. Kila nilipotoka kuongeza gogo nilijifunza kufanya hivyo haraka zaidi: mlango, gogo, mlango, ndani. Jiko lilifanya kazi yake kama nilivyoahidi. Ndipo Mzee Nzioka alipouliza kwa sauti, "Nani anamlinda mbuzi?" Kavata akajibu, "Baba, jiko hili halihitaji mtu." Mzee akaenda dirishani. Hakuona moshi, hakuona nyama, hakusikia mafuta yakidondoka. Aliona kitu cheusi kimenyamaza. "Nyama isiyo na mtu ni ya fisi," akasema, akachukua kiti cha jikoni, akatoka nacho. Hapo nilielewa tulichofanya. Tulikuwa tumetafuta jiko lililofungwa vizuri mno, na kwa sababu hiyo hasa mzee hakuliamini. Kwenye makaa angeona kinachoendelea akachoka akaingia ndani. Hapa alikaa kuutazama mlango wa chuma kama mtu anayelinda jela, na mgongo wake wote, makoti matatu mapana, ukaelekea msituni.

Hakuna aliyenyanyuka. Nikatoka mimi, nikakaa juu ya rundo la kuni kati yake na miti, ingawa miti ilikuwa pande tatu na mimi ni mtu mmoja. "Mluhya," akasema akifurahi kunitania kwa kabila langu, "umekuja kujifunza? Wewe unajua kuku. Mbuzi utamjulia wapi?" Nikacheka. Nilikuwa nasikia kila kitu: majani yakianguka, mbwa, helikopta mbali. Nimepita sehemu mbaya tangu hapo, nimelala katika magari na katika vituo vya mabasi, lakini sijawahi tena kuhisi ngozi ya mgongo ikisikiliza. Mzee alikuwa anasimulia juu ya mbuzi wa babu yake aliyekimbia siku ya kuchinjwa. Kule barabarani lori la taka likaangusha pipa lake. Mlio ulikuwa mmoja, mkavu. Sikufikiri. Nilijikuta nimemrukia mzee, nimemshika kola, tuko chini wote wawili nyuma ya sanduku la moto, kiti kimepinduka, kofia yake imeanguka kwenye majani. Tulilala hivyo. Joto la chuma lilikuwa linanichoma bega. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, na macho yake yalizunguka taratibu, kutoka kwangu, hadi kwenye mlango wa nyuma uliobaki wazi, ambamo wanaume wote wa suti walikuwa wamelala sakafuni, hadi kwenye miti.

"Kijana," akasema, "hii si mazoezi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote nikiwa nimelala chini, kwa sababu sikuweza kusema nikiwa nimekaa. Hakuniuliza kwa nini tulimficha. Nilidhani atauliza ni nani anayepiga watu, lakini aliuliza, "Mwaitu husubiri basi wapi?" Mwaitu ni mama kwa Kikamba. Ndivyo alivyomwita Kavata, kwa kuwa alibeba jina la mama yake mzee. Nikasema ni pale mbele ya kanisa dogo. "Kuna miti?" Nikasema ipo. "Anasimama na nani?" Nikasema peke yake, alfajiri. Akaokota kofia yake kwenye majani, akainuka, akaelekea mlangoni.

Ndani alimwambia Kavata kwa Kikamba kwanza, kisha akasema Kiswahili ili sote tushuhudie. "Mbuzi huyu sitamla. Nikimla nimekuacha hapa. Ndege yangu ina viti vingi." Kavata alikuwa amesimama na mwiko mkononi. "Baba, siendi." "Basi kaa bila ntheo," mzee akajibu, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu anayeona gari likimjia mtoto. Kavata aliketi sakafuni pale pale aliposimama. Nilitazama kupitia dirisha la jikoni na kuona hewa iliyokuwa ikitetemeka juu ya bomba imetulia. Moto ulikuwa unakufa. Safari hii sikutoka. Tangu bunduki ianze, Musyoka hakuwa amekanyaga uani hata mara moja. Takataka zake nilimtupia mimi. Alisimama, hakuchukua koti, akafungua mlango wa nyuma akatoka.

Mzee akasogea dirishani karibu nami. Tulimwona Musyoka akichukua gogo, akilidondosha, akiliokota. Akafungua sanduku, akaliweka, akafunga kama nilivyomwonyesha. Hapo ndipo mtu hukimbia. Hakukimbia. Alisimama kando ya jiko, mikono imening'inia, suruali yake ya suti ikicheza kwenye magoti bila upepo. "Mbona harudi?" mzee aliuliza. Nikasema sijui. "Mlisema jiko halihitaji mtu." "Halihitaji, Mzee." Akatazama tena kwa muda. Kisha akafunga vifungo vya koti la juu, kimoja kimoja. Kavata alitaka kuinuka. "Wewe kaa," akamwambia, "na wanawake wote wakae." Nikamfuata kwa sababu nisingeweza kubaki.

Waliokuwa wakipiga risasi walikamatwa baadaye, mbali na kwetu, na watu wakarudi kujaza mafuta wima. Siku ile hatukujua hilo. Siku ile tulijua miti tu. Mzee Nzioka aliokota kiti chake, akakipeleka nyuma ya Musyoka, akakigeuza, akakaa akiwa amelipa jiko kisogo na kuutazama msitu. Musyoka, bila kugeuka, akasema, "Baba, rudi ndani." Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akimwita hivyo. "Angalia nyama yako," mzee akajibu. "Hii miti niachie." Mikono yake ilikuwa juu ya magoti. Nilikaa kwenye kuni. Gogo liliisha, Musyoka akaongeza, likaisha tena. Jua lilipohama, kivuli cha bomba kikapita juu yetu kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Hatimaye Musyoka alifungua mlango mkubwa, na harufu ikatoka ambayo sijaisahau, akakata kipande cha bega, akakipuliza, akakinyoosha juu ya bega la mzee kwa mikono miwili. Kwa muda mrefu kipande kilikaa hapo hewani. Mzee alikipokea kwa mkono wa kulia, akala chote, na macho yake hayakuiacha miti.